Polianilini na mkaa wa vifuu vya nazi: mbona superkapasita inachoka mapema?

Kijana wa Mafia

Habari za leo wakuu. Niko kwenye mradi wa mwaka wa mwisho, kemia: natengeneza superkapasita, yaani kifaa cha kuhifadhi umeme kinachojaa na kuutoa haraka. Nimechagua vifuu vya nazi kwa sababu kwetu Mafia vimejaa. Nimevichoma bila hewa, nikauamilisha mkaa (kuutoboa vitundu vidogo) kwa potasiamu haidroksaidi kwenye nyuzi 750, nikausafisha kwa asidi na maji. Pembeni nikatengeneza polianilini, polima inayopitisha umeme inayotokana na anilini, ikatoka ya kijani kama inavyotakiwa. Nikasaga vyote viwili pamoja kwenye kinu kidogo, nikavishikanisha kwa PVDF (plastiki inayotumika kama gundi) iliyoyeyushwa ndani ya kiyeyusho cha NMP, nikapaka kwenye kipande cha stenlesi. Elektroliti, kimiminika kinachobeba ioni, ni asidi ya sulfuriki, mola 1 kwa lita.

Kipimo cha elektrodi tatu, kinachopima elektrodi yangu moja peke yake, kilinipa kapasitansi (uwezo wa kushika chaji) ya zaidi ya faradi 400 kwa gramu. Lakini baada ya mizunguko elfu moja, kati ya 0 na volti 1.0, imebaki chini ya nusu, na asidi imegeuka manjano. Mkaa peke yake hauchoki hivyo. Je, tatizo ni polima yenyewe au namna ya kuichanganya?

Bi Maabara

Mwanangu, yapo yote mawili, na mengine juu yake. Nianze na hiyo rangi ya manjano, maana hapo ndipo mali yako inapopotelea.

Polianilini ukiipeleka juu sana kwenye volti inaoksidishwa kupita kiasi, minyororo yake inakatika, na moja ya mabaki ni benzokwinoni, ambayo huyeyuka ndani ya elektroliti. Tazama mchoro wako wa volti na mkondo: ukiona kilele kipya kimeota katikati ya vilele viwili vya kawaida, ndiyo hiyo. Ukipima dhidi ya elektrodi ya fedha na kloridi ya fedha, usivuke volti 0.7. Ila usiilaumu polima peke yake. Stenlesi ndani ya asidi ya sulfuriki, tena chini ya volti, inalika, na chuma kilichoyeyuka nacho hutia rangi. Badilisha, tumia karatasi ya grafiti au kitambaa cha kaboni, kisha urudie. Usipofanya hivyo hutajua unapima polima au unapima kutu.

Sasa mchanganyiko. Polima hii haihifadhi chaji juu ya uso tu kama mkaa. Ioni zinaingia ndani yake na kutoka, nayo inavimba na kusinyaa kila mzunguko. Ikiwa imesagwa tu pamoja na mkaa, punje za polima zinapasuka na kuachana na jirani zake, umeme unakosa njia. Mkaa unatakiwa uwe mifupa, polima iwe nyama nyembamba juu yake. Kwa hiyo loweka mkaa kwanza kwenye anilini na asidi ya haidrokloriki, uache usiku kucha ili anilini ishike kwenye kuta za vitundu. Kisha weka chombo kwenye barafu, nyuzi 0 hadi 5, udondoshe amoniamu pasalfeti, kioksidishaji kinachoiunganisha anilini kuwa polima, polepole. Polima itaota pale pale kwenye mkaa.

Na usiwe na tamaa ya polima nyingi. Mkaa wa vifuu una vitundu vidogo mno, vingi chini ya nanomita 2, na polima ikizidi inaziba midomo yake. Unabaki na eneo kubwa ambalo ioni hazilifikii.

NMP nayo iache. Inaweza kuinyang'anya polianilini asidi yake, na polima iliyopoteza asidi inakuwa ya buluu na haipitishi umeme. Shikanisha kwa PTFE (tefloni) na ethanoli, ukande kama chapati nyembamba, ubandike.

Fundi Sola

Samahani kwa kuingilia. Mimi nafunga sola vijijini. Hiki kitu kinaweza kuchukua nafasi ya betri?

Bi Maabara

Hapana, fundi, na ninaomba usimuuzie mtu kwa ahadi hiyo. Tupige hesabu kwa namba ya kijana. Kwenye kifaa kamili kuna elektrodi mbili zimepangwa mfululizo: kapasitansi inagawanyika kwa mbili na uzito unazidishwa mara mbili, kwa hiyo zile 400 zinakuwa 100 kwa gramu. Kwa volti 0.8, nusu ya 100 mara 0.64 (yaani 0.8 mara 0.8) ni jouli 32 kwa gramu, yaani kama watisaa 9 kwa kilo, kabla hujahesabu asidi, grafiti wala kasha. Betri ya lithiamu hubeba 150 hadi 250. Superkapasita inafaa pale unapotaka nguvu nyingi kwa sekunde chache, mfano pampu inapoanza kuzunguka, ili betri isiumizwe na mshtuko ule.

Kijana wa Mafia

Shikamoo mama, nashukuru sana. Sasa ile 400 niiandike kwenye ripoti? Na volti nitaipandishaje bila kuiunguza polima?

Bi Maabara

Marahaba. Iandike, lakini useme wazi kuwa ni ya elektrodi tatu, na pembeni yake uweke ya kifaa kamili. Andika pia miligramu ngapi umepaka kwa kila sentimita ya mraba. Namba kubwa inayotokana na utando mwembamba sana inawapotosha wanaokuja nyuma yako, na hilo linaniuma kila ninaposoma ripoti za namna hiyo.

Kuhusu volti, usiweke polianilini pande zote mbili. Upande chanya weka mchanganyiko wako, upande hasi weka mkaa mtupu wa vifuu, ambao unavumilia kushuka chini ya sifuri. Hapo kifaa kinaweza kuvuka volti 1 huku polima ikibaki kwenye eneo lake salama. Chaji za pande mbili zilingane, na kwa kuwa mkaa unashika chaji kidogo kwa gramu, uzito wake uwe mkubwa zaidi. Pima kapasitansi ya kila upande kwanza, ndipo ukate.

Anilini yako ikiwa imegeuka kahawia, isafishe kwanza kwa kuigeuza mvuke na kuupoza tena, chini ya kofia ya kunyonya hewa, na glavu mkononi. Inapenya kwenye ngozi na kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Glavu ikilowa, ivue papo hapo.