Maji na chumvi katika mbio ndefu: nitajuaje kiasi kinachonifaa mimi, si mwenzangu?

Mleta mada

Salamu wanajukwaa. Nina kilo 58, na marathoni yangu ya mwisho niliimaliza kwa saa 4 na dakika 40. Nilijifua kwa miezi mitatu pamoja na mwenzangu mwenye kilo 82 ambaye humaliza umbali huo kwa saa 3 na dakika 10, na kwa kuwa yeye ni mzoefu, niliuchukua mpango wake wa kunywa kama ulivyo: mililita 800 za kinywaji cha wanamichezo kila saa, pamoja na kidonge kimoja cha chumvi chenye miligramu 200 za sodiamu (madini yaliyomo kwenye chumvi). Niliufuata kwa uaminifu, hata pale koo lilipokuwa halitaki tena.

Kuanzia kilomita ya 30 nilisikia kichefuchefu, na kichwa kikawa kizito. Nilipomaliza, vidole vilikuwa vimevimba, na pete ambayo siku zote huzunguka yenyewe kidoleni ilikataa kuvuka kifundo hata nilipoipaka sabuni. Nilijua moja kwa moja kwamba nimepungukiwa na maji, nikaongeza nusu lita nyingine. Niliporudi nyumbani, kabla sijala chochote, nilipanda mizani na kukuta nimeongezeka kilo 1.1 kuliko asubuhi ya siku hiyo. Jambo hilo limenitia wasiwasi. Je, nilikunywa kidogo au nilizidisha? Na je, mtu asiye na maabara anawezaje kupata kiasi chake mwenyewe cha maji na chumvi?

Mchangiaji wa 1 (mkufunzi wa wakimbiaji)

Pole sana, dada, na ninashukuru kwamba ulipanda mizani, kwa sababu bila namba hiyo ungeendelea kuamini kinyume cha kilichotokea. Ulizidisha. Anayekimbia kwa zaidi ya saa nne anatarajiwa kumaliza akiwa na uzito pungufu kidogo, kwa kuwa mbali na jasho, mwili huunguza akiba yake ya wanga na mafuta na hupoteza mvuke kwa pumzi. Aliyemaliza akiwa mzito kuliko alivyoanza ameingiza maji ambayo figo hazikuwahi kuyatoa, na maji hayo yamezimua sodiamu ya damu. Kiwango cha kawaida cha sodiamu ni kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita. Chini ya 135 ni upungufu, na ukishuka sana au kwa kasi, ubongo huvimba.

Najua utauliza vidonge vya chumvi vilikuwa vinafanya nini. Hebu tuhesabu. Lita moja ya majimaji ya damu yako hubeba takriban miligramu 3,200 za sodiamu. Vinywaji vingi vya wanamichezo hubeba miligramu 400 hadi 600 kwa lita, yaani ni vyepesi mno ukivilinganisha na damu. Kwa hiyo, kila lita unayokunywa kupita mahitaji inazimua damu hata kama chupa imeandikwa kwamba ina elektrolaiti, yaani madini kama sodiamu, na ili lita moja ya ziada isizimue kitu ungelazimika kumeza vidonge kama kumi na vitano. Wewe ulimeza vitano kwa mbio nzima. Chumvi haimwokoi mtu anayekunywa kupita kiasi, na ninalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimewaona wakimbiaji wengi waangalifu wakijiumiza kwa kulisahau.

Sasa tuje kwenye kipimo, ambacho ndicho msingi wa kila kitu kinachofuata. Chagua mazoezi ya dakika 60 hadi 90, kwa kasi unayotarajia kukimbia nayo siku ya mbio na katika hali ya hewa inayofanana na ya siku hiyo. Nenda haja ndogo, vua nguo zote, jipime. Kimbia. Ukirudi, vua tena, jifute jasho vizuri kwa taulo hadi kwenye nywele, kisha jipime kwenye mizani ileile, ikiwa imekaa palepale sakafuni. Usijipime na nguo, kwa kuwa fulana na soksi zilizolowa hubeba jasho ambalo tayari limekutoka, na mizani italihesabu kana kwamba bado limo mwilini. Kilo moja iliyopotea ni sawa na lita moja ya jasho kwa hesabu ya kutosha. Ongeza ulichokunywa njiani, toa mkojo ikiwa ulikwenda haja, gawanya kwa saa.

Mfano: mtu ameondoka na kilo 58.4, amerudi na kilo 57.7, amekunywa mililita 300, na amekimbia saa moja na nusu. Amepungua kilo 0.7, ukijumlisha 0.3 unapata lita 1.0, na ukigawanya kwa 1.5 unapata takriban mililita 670 kwa saa. Rudia angalau mara tatu katika siku tofauti, maana mizani ya nyumbani hukosea gramu 100 au 200 kwa urahisi, na kosa hilo ni kubwa kwa mtu mdogo. Wengi huangukia kati ya nusu lita na lita mbili kwa saa. Ukiutazama upana huo utaelewa kwa nini mpango wa mwenzako, ambaye ana kilo 24 zaidi na anakimbia kwa kasi kubwa inayozalisha joto jingi, haukuweza kuwa wako.

Ukishapata namba yako, usiifanye kuwa lengo la kunywa. Hiyo ni dari. Unakunywa chini yake, ukiisikiliza kiu, na kwa wakimbiaji wengi wa mwendo wako kiu inatosha kabisa.

Mchangiaji wa 2 (mwendesha baiskeli)

Nakubaliana na mkufunzi kwa yote isipokuwa neno lake la mwisho kuhusu kiu, na ninaomba nieleze kwa nini, kwa sababu wanaosoma uzi huu si wote wenye kilo 58.

Mimi nina kilo 85, na kwenye joto hupoteza lita 1.9 kwa saa. Nimepima mara sita. Kwa miaka miwili nilikunywa kwa kiu tu, wastani wa mililita 600 kwa saa, na kila safari ya saa tatu ilinimaliza nikiwa nimepungua karibu kilo nne, yaani zaidi ya asilimia 4.5 ya uzito wangu. Saa ya tatu ilikuwa na sura moja daima: mapigo ya moyo yanapanda ilhali nguvu ya miguu inashuka, na tumbo linakataa hata jeli niliyoizoea. Nilipoanza kunywa kwa ratiba, tatizo hilo lilipungua sana. Wapo wanaotoka jasho kuliko mimi: mkimbiaji wa Marekani Alberto Salazar, alipokuwa akiandaliwa kwa marathoni ya Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 1984, alipimwa na kukutwa na takriban lita 3.7 kwa saa. Mtu wa namna hiyo hawezi kurudisha yote, kwa kuwa tumbo la wengi hulemewa maji yanapokaribia lita moja kwa saa, lakini pia hawezi kuachia kiu peke yake.

Nilipandisha kiwango polepole, mililita 100 kila wiki mbili, hadi nikafika lita 1.1 kwa saa bila maji kuchezacheza tumboni, na sasa namaliza saa tatu nikiwa nimepungua kilo 2.4 hivi. Tumbo hufundishika, ila si kwa wiki moja.

Kuhusu chumvi, kofia yangu ikikauka hubaki na mistari myeupe kama ramani, na chozi la jasho likiingia jichoni huwasha vibaya. Hizo ni dalili tu, lakini zilinifanya nipimwe jasho, likapatikana na miligramu 1,400 za sodiamu kwa lita. Wastani wa watu ni karibu miligramu 900 hadi 1,000, na tofauti ni kubwa, kuanzia 200 hivi hadi karibu 2,000. Ninaweka gramu mbili za chumvi ya kawaida katika kila lita, ambazo hutoa takriban miligramu 790 za sodiamu. Silengi kurudisha yote niliyopoteza. Nalenga kile kinachonisaidia kuendelea kunywa na kukihifadhi nilichokunywa, na kwenye utumbo sodiamu na glukosi (aina ya sukari) husafirishwa pamoja zikiyavuta maji nyuma yao, ndiyo maana kinywaji chenye vyote viwili huingia vizuri.

Mchangiaji wa 3

Naomba kuuliza kwa ufupi: misuli ya mashavu ya miguu hunibana kila baada ya kilomita 32. Je, hiyo si dalili kwamba nahitaji chumvi zaidi?

Mchangiaji wa 4 (muuguzi, huduma ya kwanza kwenye mbio)

Nianze na wewe wa misuli, kisha nirudi kwa mleta mada. Tafiti hazijaonyesha kwa uthabiti kwamba wanaobanwa na misuli mbioni wana sodiamu pungufu kuliko wasiobanwa. Uchovu wa misuli na wa mishipa ya fahamu inayoiongoza unaeleza sehemu kubwa zaidi, hasa pale mtu anapokimbia kwa kasi kuliko aliyoifanyia mazoezi. Tazama kwanza kasi yako ya nusu ya mwanzo, kabla ya kununua vidonge.

Mleta mada, dalili zako ndizo ambazo kwenye hema letu hututia hofu zaidi, kwa sababu kichefuchefu, kichwa kuuma na udhaifu hufanana mno na upungufu wa maji, na anayefanya kosa la kumwongezea maji mtu wa aina hiyo anaweza kumuua. Damu zilizochukuliwa kwa wakimbiaji 488 wa Boston Marathon ya mwaka 2002 zilionyesha kwamba asilimia 13 walikuwa na sodiamu chini ya kiwango, na jambo lililoambatana nalo kwa nguvu zaidi lilikuwa kuongezeka uzito wakati wa mbio. Kutumia zaidi ya saa nne njiani nako kulihusika. Walio katika kundi lako, yaani wepesi wa mwili na wanaokaa njiani muda mrefu wakipita vituo vingi vya maji bila haraka, ndio wanaopaswa kuwa waangalifu zaidi.

Niongeze mawili. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni zinaweza kuipunguzia figo uwezo wa kutoa maji, kwa hiyo usizimeze kabla ya mbio wala katikati. Na endapo vidole vinavimba huku kichwa kinauma, acha kunywa hadi utakapokojoa kwa wingi. Ukianza kuchanganyikiwa, kutapika mfululizo au kutetemeka, hiyo ni dharura ya hospitali, si ya kupumzika kivulini. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa figo au anayetumia dawa za kukojosha asijiongezee chumvi kwa ushauri wa mtandaoni. Amwone daktari wake.

Mleta mada

Nawashukuru nyote kwa moyo. Nimepima mara tatu kama nilivyoelekezwa: asubuhi ya baridi nilipata mililita 450 kwa saa, siku ya wastani 600, na siku ya joto 700. Nilipoziona namba hizi nilikaa kimya kwa muda, kwa sababu hata siku ya joto nisingeweza kutoka jasho la mililita 800 nilizokuwa nikijilazimisha. Sasa nipange vipi? Na chumvi je, nami nipimwe?

Mchangiaji wa 1 (mkufunzi wa wakimbiaji)

Kwanza nimjibu mwendesha baiskeli: amenirekebisha kwa haki. Kiu inamtosha mwenye jasho la wastani. Anayepoteza karibu lita mbili kwa saa kwenye joto anahitaji ratiba.

Dada, kwa saa 4 na dakika 40 katika siku ya wastani utatoka jasho la lita 2.8. Ukinywa mililita 400 kwa saa utaingiza takriban lita 1.9, na utamaliza ukiwa na upungufu wa karibu kilo 0.9, yaani asilimia 1.6 ya uzito wako, jambo ambalo mwili wako utalibeba bila shida. Siku ya baridi shuka hadi 250, siku ya joto panda hadi 500. Hizo ni namba za kuanzia. Ikifika mahali koo linakataa, litii koo, hata kama ratiba inasema bado.

Kupimwa jasho si lazima kwako kwa sasa. Kwa kiasi hicho cha maji, kinywaji cha kawaida chenye miligramu 500 hivi za sodiamu kwa lita kinatosha, na vidonge viache. Ukianza kuona chumvi nyeupe kwenye nguo, au ukiingia mashindano ya saa nane na zaidi, hapo tutazungumza upya. Rudia kipimo kila msimu unapobadilika, kwa sababu baada ya siku 10 hadi 14 za mazoezi kwenye joto mwili hutoka jasho zaidi, lakini jasho lenyewe huwa na chumvi kidogo.

Jambo moja dogo ambalo watu hulipuuza: mbioni hutakuwa na kikombe chenye alama za vipimo. Jaza chupa nusu lita kamili, toka ukimbie, na uhesabu mafunda hadi iishe. Rudia mara mbili, kisha gawanya. Funda la mmoja ni mililita 25, la mwingine ni 50, na bila kulijua lako, mililita 400 kwa saa itabaki kuwa namba ya kwenye karatasi tu.

Mleta mada

Nimehesabu leo alfajiri. Mafunda 14 mara ya kwanza, 15 mara ya pili, yaani karibu mililita 35 kila moja. Kwa siku ya wastani, basi, ni mafunda kama kumi na mawili kwa saa, matatu kila baada ya robo saa. Kwenye zile mbio, nilipokuwa nikizimaliza mililita 800 kila saa, nilikuwa nikimeza ishirini na tatu.