Kuku 460 walikufa ndani ya siku 5, na mama bado sijamwambia

Wakuu, naomba ushauri. Niko Chanika, Dar es Salaam, nina mke na mtoto mmoja. Mwaka jana niliacha kazi ya ulinzi nikaanza kufuga kuku wa nyama. Mizunguko miwili ya mwanzo ililipa. Wa tatu nikaingiza vifaranga 600. Siku ya 24 asubuhi nikakuta kama ishirini wamejikunyata pembeni, manyoya yamesimama, kinyesi cheupe. Gumboro, ugonjwa wa virusi wa kuku, na chanjo yake nilikuwa nimewapa. Kwa siku 5 nilifukia 460. Waliosalia walidumaa, nikawauza kwa bei ya kutupa.

Nadaiwa 1,500,000, marejesho kila wiki. Hilo nahangaika nalo. Kinachonitafuna ni 2,000,000 za mama, ambazo alizikopa kwenye kikoba chake kijijini kwa ajili yangu. Kila Jumapili anapiga simu kuuliza kuku, namjibu wanaendelea vizuri. Huu ni mwezi wa pili.

Usiku saa tisa naamka kwenda kuongeza mkaa kwenye jiko la vifaranga. Nikishika kufuli ndipo nakumbuka banda ni tupu. Mke wangu ananisikia nikirudi kitandani, hasemi kitu. Aliyewahi kupita hapa, alitokaje?

Mfugaji wa Kibaha: Pole sana mkuu. Chanjo ulichanganya kwenye maji gani? Kama ni ya bomba, klorini iliyomo inaiua. Ndiyo maana wengine tunatangulia kuweka maziwa ya unga yasiyo na mafuta. Na kama ilisafiri juani bila barafu, uliwanywesha maji matupu. Sisemi ili ujilaumu. Gumboro ikishaingia haina tiba, hata wenye mabanda makubwa inawakuta. Nasema kwa sababu mimi nilikaa mwaka mzima nikiamini jirani kaniroga, hata salamu nikamnyima. Siku niliyojua sababu ndiyo siku niliyolala.

Mleta uzi: Ni ya bomba mkuu. Sikuwa najua kabisa.

Dada wa Mbagala: Mdogo wangu, nilikuwa na mgahawa, ukafa na hela ya shangazi. Nilikwepa hata misiba ya ukoo ili nisikutane naye. Nakuambia kwa uchungu, huko kujificha kuliniumiza kuliko deni lenyewe. Mama yako anakaa kwenye kikoba kila wiki anawahakikishia wenzake kwamba mwanangu atarudisha. Unamwacha asimame mbele za watu na habari ya uongo. Mwambie kabla siku ya kikoba kugawana fedha haijafika, ajue la kuwaambia. Lakini anza na mke wako, leo hii. Yule anajua tayari, anakusubiri wewe.

Mzee wa Hesabu: Wanaokudai wafuate wewe, wasikufuate wao. Nenda na daftari, waombe rejesho dogo linalobebeka. Wengine watakataa, ila ukizima simu ndipo wanapokuja kubeba vyombo. Kama ulisajili biashara TRA (mamlaka ya mapato), nenda kawaarifu kwa maandishi kwamba umesimama, usije ukakadiriwa kodi ya biashara isiyokuwepo. Na tafadhali usikope mkopo mwingine kulipa huu.

Mpambanaji: Mtangulize Mungu kaka. Milango itafunguka.

Nesi: Ndugu, kuombewa ni kuzuri, ila miezi miwili bila usingizi si jambo la kuvumilia kimya. Je, unakula? Umewahi kuwaza ni bora usingekuwepo? Ikiwa ndiyo, usikae peke yako leo, mwambie mkeo na mwende hospitali. Muhimbili kuna idara ya afya ya akili, na hospitali za mkoa nazo zinapokea. Wanaokwenda pale ni watu wenye kazi na familia kama wewe.

Mleta uzi: Wazo hilo lilinipitia mara moja, mwezi uliopita. Nimemwambia mke wangu jana usiku. Amelia, mimi pia. Jumatatu tunaenda wote hospitali.

Mleta uzi (Jumapili jioni): Mama amepiga, nikamwambia yote. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Mliwafukia vizuri, mbwa wasije wakawafukua?" Nikamwambia tulichimba shimo refu, tukamwaga chokaa. Akasema, "Haya. Mambo ya hela tutaongea ukija. Njoo na mwenzio."

Tunapanda basi Ijumaa.