Matapeli wameingia kwenye jukwaa langu la simu za mtumba, nifanyeje?

Kijana_wa_Mwanjelwa
Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, naomba mnivumilie.

Nina kajukwaa ka kununua na kuuza simu na laptop za mtumba. Nilikaanzisha hapa Mbeya, chumbani, kwa kompyuta moja na bando la usiku. Sasa kana wanachama kama elfu nne, wengi wa Mbeya, Iringa na Songwe. Mtu anajisajili kwa namba ya simu, anaweka picha na bei, mteja anamfuata inboksi. Hela haipiti kwangu hata senti. Nilidhani hapo nimejikinga.

Mwezi huu watu watano wamepigwa. Mtindo ni ule ule: simu kali, bei chini kidogo ya soko (si chini sana, huyu jamaa ana akili), "niko Tunduma, tuma nusu nikupakilie kwenye basi". Anakutumia na picha ya risiti ya mzigo, ya kughushi. Ukishatuma, kimya. Lalamiko la kwanza lilipofika nilipandwa na hasira, nikafuta akaunti yake pamoja na mazungumzo yake yote. Siku ya pili yake karudi na jina jingine, picha zile zile.

Dada mmoja aliyelizwa 280,000 anasema atanishtaki mimi, eti nimemfuga mwizi. Wanachama nao wananishinikiza nimwanike huyo jamaa ukurasa wa mbele, sura na namba ya simu. Halafu jana kuna mtu kanipigia, kajitambulisha ni askari, anataka namba na mazungumzo yote ya mtumiaji mmoja, nimtumie kwa WhatsApp. Nimemwambia nitamjibu kesho. Kesho yenyewe ndiyo leo.

Chuma_Mboga
"Ile hela tuma kwenye namba hii" imehamia kwako mkuu. Pole sana.

fundi_seva
Kosa lako ni kufuta. Tapeli ukimfutia akaunti na ushahidi umemfanyia usafi, yeye hana hasara. Akaunti inafungwa: asiweze kuingia wala kuuza, lakini kila kitu kibaki mahali ambapo wewe peke yako unafika. Namba aliyojisajili nayo, tangazo lenyewe, picha kama alivyozipandisha, mazungumzo yaliyolalamikiwa, na kumbukumbu za kuingia.

Hizo kumbukumbu zina mitego. Mitandao ya simu huwapa wateja wengi anwani moja ya IP (namba ya kutambulisha kifaa mtandaoni) kwa wakati mmoja. Ukiandika anwani peke yake bila namba ya poti (ndiyo inayowatenganisha wateja hao) na saa mpaka sekunde, kampuni ya simu haiwezi kusema ilikuwa laini ipi. Mtego wa pili ni saa zenyewe. Seva nyingi zinaandika UTC, yaani saa za kimataifa, iko nyuma yetu saa tatu. Ukimpa mpelelezi karatasi imeandikwa 02:15, yeye anasoma saa mbili na robo asubuhi. Kompyuta ilimaanisha usiku wa manane, na hapa kwetu ilikuwa saa kumi na moja na robo alfajiri. Mtu asiyehusika anaweza kwenda kulala ndani kwa ajili ya hesabu hiyo. Andika wazi ni saa za wapi.

Picha kurudi zile zile ni bahati kwako. Kuna programu za bure zinazoipa kila picha alama yake, na hata ikipunguzwa ukubwa alama inabaki inakaribiana. Microsoft na wenzao walitengeneza PhotoDNA mwaka 2009 kwa mtindo huo ili kunasa picha za unyanyasaji wa watoto. Yako itanasa Samsung tu, lakini wazo ni moja.

Wakili_Njaa
Mimi si wakili wako, na utakapoitwa kituoni tafuta wakili. Haya chukua kama ya kijiweni.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ilianza kutumika Septemba 1, 2015. Kifungu cha 39 kinasema mtoa huduma hana wajibu wa jumla wa kuchunguza kila kinachopita kwake. Hapo umepona. Ila akishajua kuna uhalifu anatakiwa auondoe, amsimamishie mhusika huduma, na avijulishe vyombo vya dola. Kwa hiyo huyo dada akienda mahakamani hutaulizwa kwa nini tapeli alijisajili. Utaulizwa ulijua lini, na baada ya kujua ulifanya nini. Siku ya lalamiko la kwanza ndiyo ya kuhesabia, na ulichofanya siku hiyo ni kufuta. Polisi uliwaambia?

Kuhusu askari wa simu: kifungu cha 32 kinampa mkuu wa kituo, au ofisa wa cheo kinacholingana, uwezo wa kutoa amri ya kukabidhi taarifa kwa ajili ya upelelezi. Ni amri ya mtu mwenye cheo na kituo. Simu ya jioni si amri. Mwombe kwa heshima barua yenye namba ya jalada, halafu piga kituoni mwenyewe uulize kama wanamjua.

Ngosha_Mkavu
Wakili unamtisha kijana bure. Ampe kila kitu apumzike. Au asimpe mtu yeyote kitu, agome kabisa.

Wakili_Njaa
Ngosha, yote mawili yanauma. Akimpa kila anayepiga simu, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu Mei 1, 2023, na ina Tume yake. Mwenye jukwaa la namba za simu elfu nne ni mkusanyaji wa taarifa, anatakiwa hata kujisajili huko. Akigoma amri halali, kugoma kwenyewe ni kosa. Maxence Melo wa Jamii Forums alifikishwa mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, Desemba 2016 kwa kutotoa taarifa za wanachama, na Aprili 2020 akatiwa hatiani kwa kuzuia uchunguzi, faini milioni 3. Unaweza kuona alionewa, mimi naona hivyo, lakini alikuwa na mawakili nyuma yake. Huyu wa Mwanjelwa ana bando la usiku.

Mama_Pacha
Mwanangu, mimi nilipigwa mwaka juzi kwingine, si kwako. Kilichoniumiza kuliko hela ni kuandika malalamiko nikajibiwa na mashine "asante kwa kuwasiliana nasi", basi. Huyo dada hana haja na mahakama, ana haja ya kujibiwa. Mpigie. Mwambie akachukue RB (namba ya taarifa yake polisi) kituoni, apige kampuni ya simu waangalie kama hela bado ipo kwenye laini ya huyo mtu wamzuie, na ujumbe wa kitapeli autume 15040. Hapo kwenye hela ni kuwahi, tapeli hamwachii wakala mpaka kesho. Na umpe barua yako yenye tarehe za tangazo aende nayo polisi.

Kumwanika nakukataza. Yule wangu laini ilikuwa na jina la bibi wa kijijini. Kijana wa kusajili laini alimwambia alama ya kidole haikusoma, weka tena, akamsajilia mbili. Bibi alihojiwa mpaka akalia. Nilijisikia vibaya kuliko nilivyoibiwa.

Ngosha_Mkavu
Hilo la bibi sikulifikiria. Nimepiga *106# sasa hivi kuangalia laini zilizosajiliwa kwa jina langu, zote ni zangu.

Mswahili_wa_Nyali
Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu tuna Sheria ya 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta na ya ulinzi wa data ya 2019, lakini ndugu yangu, sheria huja mwizi akishakula. Mimi nasimamia kundi la kuuza vyombo vya nyumba, tukaamua kumchosha tapeli. Akaunti mpya inakaa siku saba bila kuuza kitu cha zaidi ya shilingi elfu tano za kwetu. Tangazo lake la kwanza linapitiwa na mtu. Muuzaji anapiga picha bidhaa ikiwa na karatasi yenye jina lake na tarehe ya leo. Wenye simu nzuri za picha za wizi waliishia hapo. Na mtu akiandika "tuma nusu" inboksi, tahadhari inatokea pale pale, kabla hajafungua programu ya pesa. Tahadhari ya ukurasa wa masharti haisomwi na yeyote, hata mimi sijasoma yangu.

Wauzaji waaminifu walilalamika wiki mbili hivi. Wengine walihama, siwezi kukuficha.

fundi_seva
Kitu kimoja, Kijana. Wewe una uwezo wa kusoma inboksi za watu wote elfu nne. Usizisome. Fungua mazungumzo yaliyoripotiwa tu, na kila ukifungua andika ni nani kafungua na kwa nini. Tahadhari ya Nyali inafanywa na programu, haihitaji macho yako.

Halafu, huyo mtumiaji ambaye "askari" anataka taarifa zake ni yupi? Tapeli, au aliyelalamika?

Kijana_wa_Mwanjelwa
Ngoja niangalie.

Ni yule dada wa 280,000.

Chuma_Mboga
Mamaaa.

Wakili_Njaa
Namba iliyokupigia iandike pamoja na saa. Usimtukane, usimwambie umemshtukia. Mwambie lete barua.

Kijana_wa_Mwanjelwa
Mrejesho, wakuu. Nilimwambia alete barua ya mkuu wa kituo, akasema "sawa, nakuja nayo". Hajaja, na simu haipatikani. Kituo alichokitaja nimekipigia, hawana mtu wa jina hilo. Dada nimeongea naye, nimemweleza asipokee mtu yeyote anayesema katumwa na mimi. Kesho tunaenda naye kituoni pamoja, ana RB tayari.

Fundi, mazungumzo niliyofuta kuna namna ya kuyarudisha?

fundi_seva
Unapokodi seva wanatunza nakala ya kila siku? Wengi wanaitunza siku chache tu kisha inafutwa. Ingia sasa hivi, usingoje asubuhi. Na usiirudishe juu ya jukwaa lililopo, ifungue pembeni.

Kijana_wa_Mwanjelwa
Nakala iliyobaki ya zamani ni ya siku ile ile niliyofuta, ya saa sita usiku. Mazungumzo yamo. Kumbukumbu za kuingia ni UTC, naongeza tatu moja moja kabla sijachapa.