Tupeane uzoefu: "mboga" na "chai" ziliwahi kukuponza wapi?

Mpemba wa Nkuhungu
Wakuu, habari za jioni. Nilihamia Dodoma kikazi, enzi zile kila basi linashusha watumishi na magodoro yao. Nikapanga chumba Nkuhungu. Mchana wa kwanza nikaingia kwa mama ntilie.

"Ugali na mboga gani, kaka?"

"Mboga sitaki, mie si mtu wa majani. Nipe kitoweo."

Akanitazama, akaenda, akarudi na ugali na chumvi pembeni. Nikauliza kulikoni. "Si umekataa mboga mwenyewe? Nyama ipo, maharage yapo, hata samaki wa Mtera wapo."

Kwetu Pemba mboga ni mchicha, ni kisamvu. Samaki ni kitoweo. Huku kila kinachoshushia ugali ni mboga, hata kama asubuhi kilikuwa kinalia mee! Wakitaka majani wanasema mboga za majani, au mbogamboga. Chai nayo ina vituko vyake, hivyo nawaachia nyinyi. Leteni visa, vya kweli tu.

Binti wa Mpwapwa
Kaka, ungekutana na bibi yangu ungechanganyikiwa zaidi. Kwa bibi mboga ni mlenda, hivyo vingine ni wageni tu. Mwaka mmoja tulimpeleka Dar kwa mjomba akakaa wiki mbili. Kuku, samaki wa nazi, nyama ya kukaanga, kila siku meza imejaa. Aliporudi tukamuuliza, "Bibi, walikulisha vizuri?" Akasema, "Walinipenda sana, ila mboga sijaonja tangu nimeondoka."

Jioni ile ile alitoa mlenda wake mkavu, ule wa kukausha na kutwanga unga, akachemsha maji ya magadi, akautia huku anapekecha, mwisho akamwagia karanga za kusaga. Ugali wa uwele. Alikula hakuongea na mtu. Sisi wajukuu tuliobaki na kuku tuliyenunua kumpokea tulijiona wajinga kidogo.

Fundi wa Area C
Mlenda na ugali wa sembe ni matusi. Nimemaliza.

Mtoto wa Kibaigwa
Yangu inaniuma hadi leo. Nipo kidato cha kwanza, shule ya bweni, mwalimu wa zamu anafoka kwa sababu watu wamegoma kula makande. "Humu ndani kuna watoto wa mboga saba? Wanyooshe mikono niwaone!"

Nikanyoosha. Peke yangu, bwalo zima.

Jamani, mimi nilihesabu kwa haki. Mama yangu analima: mchicha, matembele, kisamvu, majani ya kunde, majani ya maboga, mnafu, na mlenda. Saba kamili! Sikujua kwamba mtoto wa mboga saba ni mtoto wa tajiri, ambaye kwao mezani kuna sahani za kila namna. Mwalimu akaniita mbele, akaangalia kandambili zangu za rangi mbili tofauti, akashindwa hata kuendelea kufoka. Nilimaliza kidato cha nne naitwa Saba. Kuna watu mpaka leo kwenye simu zao nimeandikwa hivyo.

Dereva Mstaafu
😂😂 Saba, pole mwanangu.

Mimi niwape ya chai. Zamani naendesha lori, gari likanifia karibu na Manyoni. Mzee mmoja akanilaza kwake, na usiku akasema, "Asubuhi utapata chai ndipo uondoke." Mimi tumbo langu chai haliliwezi, kwa hiyo kumekucha tu nikaaga nikidhani najiepusha. Mzee akanuna. Baadaye utingo, aliyebaki, akanifuata garini anajilamba vidole: ilikuwa supu ya mbuzi na viazi vitamu. "Na chai je?" nikamuuliza. "Chai yenyewe ndiyo hiyo, haikuwa na majani hata punje."

Tangu siku hiyo mtu akinikaribisha chai nakaa kwanza, naangalia kinachokuja.

Bwana Shamba
Mimi ya baba yangu mdogo, wa kijijini huko Bahi. Alifuatilia karatasi za kiwanja katika ofisi moja (siitaji) karibu miezi mitatu. Siku hiyo kijana wa pale akamwambia kwa upole, "Mzee, faili haliwezi kutembea lenyewe. Tuachie japo ya chai." Baba mdogo akasikitika kweli: watoto wa watu wanashinda kazini bila chai! Kesho yake akarudi na pakiti ya majani ya chai, kilo mbili za sukari na mkate, akaviweka juu ya meza mbele ya watu wote. "Wanangu, kunyweni."

Ofisi ikawa kimya. Karatasi alizipata wiki ile ile.

Fundi wa Area C
Hii chai.

Bwana Shamba
Chai gani tena? Baba mdogo yupo hai, njoo nikupeleke ukamuulize.

Fundi wa Area C
Chai ya moto, ina tangawizi. Umesahau andazi tu.

Dereva Mstaafu
Vijana, mnatupoteza sisi wazee. Kumbe siku hizi chai ni uongo?

Binti wa Mpwapwa
Ndiyo babu, ukitunga stori unaambiwa umepika chai. Ila mimi ya Bwana Shamba naiamini. Wazee wetu neno wanalipokea kama lilivyo. Na ile "ya chai" aliyoombwa baba mdogo, sheria ya kuzuia rushwa ya 2007 haijui chai wala andazi, inaiita rushwa.

Mpemba wa Nkuhungu
Nimecheka peke yangu hadi jirani kagonga ukuta. Nami niwaongezee moja ya wiki hii. Nimeoa huku huku, mke wangu ni wa Chamwino. Juzi nimerudi usiku, kaandika kwenye karatasi: "Ugali kwenye hotipoti, mboga ipo jikoni." Nikafunua sufuria, kuku mzima wa kienyeji. Nikampigia, "Hii mboga ya nani?"

"Mpe jirani. Wewe si huli mboga?"