Msaada: sarafu za nyanya mwaka umefutika, na moja tundu liko kombo, ni kosa la kiwandani?

MwanaLangoni:
Asalaam aleikum ndugu zangu. Tulikuwa twatengeneza nyumba ya nyanya huku Langoni, Lamu, fundi akibandua plasta nyuma ya kidaka akatoa kopo la maziwa ya unga, ndani mna sarafu kumi na nne na kipande cha waya kimekunjwa. Nyingi nimezijua ila tatu zimenishinda.

Ya kwanza ni ile ya shaba ya ten cents yenye tundu katikati na pembe za ndovu zimelizunguka, mwaka umekwisha kabisa huoni hata namba moja, halafu tundu lenyewe si duara, limevutika upande mmoja kama yai. Kuna mtu aliniambia tundu likienda kombo basi ni kosa la kiwandani na watu wanalipa pesa nzuri, ni kweli? Ya pili ina mizani upande mmoja na Kiarabu upande wa pili, mwaka naona moja, tatu, pengo, halafu nne. Ya tatu ni senti kumi ya Mzee Kenyatta, imemegeka ukingoni kama imeng'atwa, hii nilitaka kuitupa tu manake imeharibika. Na pia nizisafishe na nini zitoe mwaka?

abuu_shela:
Ndimu na chumvi bro, dakika tano inang'aa kama mpya

Mkusanyaji_Malindi:
Wa aleikum salaam. Tafadhali sana usiguse ndimu, wala ukwaju, wala majivu, wala steel wool. Mimi marehemu baba aliniachia riali moja ya Maria Theresa, ile sarafu kubwa ya fedha ya zamani, nikaitia ndimu usiku nikalala, asubuhi ilikuwa nyeupe kama bati la mabati na uso wake umejaa vitundu vidogo vidogo, mpaka leo nikiishika roho inauma. Tindikali inakula chuma, na mwaka uliofifia umebaki kama ngozi nyembamba tu juu ya sarafu, ndio unaoondoka kwanza. Loweka kwenye maji safi ya distilled, yale ya kuongezea betri (si tindikali yake!), siku mbili tatu ukibadilisha, kausha kwa kitambaa kwa kubonyeza si kwa kusugua, basi.

Kusoma mwaka usitumie taa ya juu. Zima taa za chumba, washa tochi ya simu, ilaze karibu iguse meza ili mwanga upite juu ya sarafu kutoka ubavuni, halafu zungusha sarafu polepole. Namba iliyofutika huwa bado ina kivuli, utaiona upande mmoja ikizunguka inapotea, ukirudisha inatokea tena. Piga picha kila pembe.

Sasa hiyo ya pembe za ndovu, achana na namba, soma jina la mfalme wa Uingereza upande wenye taji. Ukiona GEORGIVS V ni kuanzia miaka ya 1920 mpaka 1936. GEORGIVS VI au GEORGIVS SEXTVS, yaani George wa Sita, ni kuanzia 1937, na huyo kama bado ana IND IMP, yaani mfalme wa Bara Hindi, ni zile za mwanzo, manake India ilipopata uhuru 1947 maneno hayo yakaja kuondolewa. Na ukibahatika kuona herufi hata tatu za EDWARDVS, basi mwaka unao tayari, ni 1936 tu hakuna mwingine, alikalia kiti kuanzia Januari akakiacha Desemba mwaka huohuo. Ila usianze kuhesabu pesa, za Edward ziligongwa nyingi.

Kuhusu tundu nina wasiwasi. Kile kisahani, yaani kipande kitupu kabla hakijawa sarafu, kilikuwa kinatobolewa kabla ya kugongwa chapa. Kama kilitobolewa kombo, tundu lenyewe lingekuwa duara safi, ila limehama likakata ndani ya pembe au maandishi. Lako lipo katikati ila limerefuka, sivyo? Angalia ndani ya ukuta wa tundu, upande ule uliovutika kama ni laini na mwembamba kuliko upande wa pili basi limeliwa na kitu kilichokuwa kinapita humo.

Hiyo iliyong'atwa USITUPE! Angalia ukingo upande unaotazamana na pengo, moja kwa moja ng'ambo ya pili, halafu urudi utuambie.

BintiMaalim:
Kaka hiyo ya mizani mie nadhani naijua, ni pesa ya Sultan Barghash wa Unguja. Ziko mbili, 1299 na 1304 za hijria, ndio kama 1882 na 1887. Lile pengo si kosa, tulivyosoma chuoni sifuri ya Kiarabu ni nukta tu ٠, na nukta ndogo hivyo ndio inayotangulia kulika ikaacha nafasi. Yako ni 1304. Kama una shaka kwenye namba ya pili ya mwaka angalia meno yake, mbili ٢ ina jino moja juu na tatu ٣ ina mawili. Na usiichanganye na ya kampuni ya Waingereza ya Mombasa, nayo ina mizani lakini ina maandishi ya Kizungu na 1888.

mambrui_boy:
Huku kwetu Mambrui 2010 wachimbaji walitoa ya Kichina ya mfalme Yongle, na 2013 ikapatikana nyingine Manda hapo ng'ambo yenu, miaka 600 hiyo. Sasa za kopo la nyanya ni za nyumbani lakini mtu akiokota kwenye magofu apeleke makumbusho Lamu, kuna sheria ya mambo ya kale, asiuze.

MwanaLangoni:
Nimerudi. Nimefanya tochi jana usiku na binamu yangu, tukazungusha kama nusu saa, mwaka hakuna kitu kabisa, lakini upande wa taji tukaona D, V, S na baada ya nafasi kama V nyingine. Ni Edward! Kwa hiyo 1936. Tundu umesema kweli mzee, ndani upande mmoja kumelika laini na kuna mifereji midogo.

Ile ya Kenyatta upande wa pili wa pengo ukingo umefifia, ule mkanda ulioinuka hapo ni kama haupo, pengine pote upo. Ndio maana yake nini?

Mkusanyaji_Malindi:
Alhamdulillahi, hiyo ndiyo ya kiwandani! Chukua mfano unakata unga wa biskuti kwa mdomo wa glasi, ukiweka glasi juu ya tundu la kwanza kidogo, biskuti inatoka na pengo. Bati la sarafu lilichelewa kusogea, ikawa hivyo hivyo. Kisha mashine inayobana kisahani kukiinua ukingo ilipofika kwenye pengo haikuwa na kitu cha kubana, basi na upande wa ng'ambo ukakosa nguvu. Mtu akikata kwa tupa hawezi kuiga hilo, na angeacha mikwaruzo. Tena kama pembeni ya kichwa cha Mzee hakuna maandishi ni 1966 mpaka 1968, maandishi yalikuja 1969. Ipime kwa sonara hapo barabarani Usita wa Mui pamoja na nzima ya aina yake, yako itakuwa nyepesi kidogo.

MwanaLangoni:
Haina maandishi. Kesho nampelekea sonara. Na shangazi ameniambia nyanya alikuwa na kiduka, senti za tundu akizitunga kwa waya kumi kumi zikining'inia mlangoni. Ule waya wa kwenye kopo nimeupitisha kwenye tundu, umekaa sawa pale palipolika.