Grenada siku nne: ukitoka ufukweni unaenda wapi?

Pakacha:
Wakuu, salaam. Nitakuwa Grenada, kule visiwa vya Karibi, siku nne mwezi wa pili. Kila ninayemuuliza ananitajia ufukwe wa Grand Anse tu. Mchanga nimeshaukanyaga sana. Aliyefika anijuze, nizungukie wapi? Na pesa nibebe ipi?

Kiguu na Njia:
Grand Anse nenda asubuhi moja, oga, ondoka. Kisha fika stendi ya St. George's, panda basi namba 5 la Gouyave. Ni vibasi vidogo, vinakata kona kandokando ya bahari, muziki hadi viti vinatetemeka. Mimi kushuka kulinishinda. Nikaita kwa sauti ya mgeni mwenye haya, nikapitishwa mbali, mpaka mama mmoja akanyoosha mkono akagonga bodi, ngo ngo! Basi likasimama. Kumbe ndiyo kengele yao.

Gouyave kuna ghala la kungumanga. Omba uoneshwe tunda bichi. Kwa nje ni la njano, umbo kama pera. Likiiva linapasuka lenyewe, na ndani kuna kokwa la kahawia limevikwa wavu mwekundu, unang'aa kama umetoka kuchovywa rangi. Wavu huo ndio basibasi. Miaka yote natia vyote viwili chunguni, sikujua vimetoka tumbo moja! Wenyewe wameliweka tunda hilo hata kwenye bendera. Ila usifanye utani kuhusu mashamba: Kimbunga Ivan cha 2004 kiliangusha sehemu kubwa ya mikungumanga, na mche wake hauzai upesi.

Pesa ni dola ya Karibi ya Mashariki, 2.70 kwa dola moja ya Marekani. Ukitajiwa "dola ishirini", uliza dola za wapi. Mimi sikuuliza, teksi ikanila.

Bi Mwiko:
Kiguu umesahau chakula, kama kawaida ya wanaume. Pakacha, ulizia "oil down": shelisheli, majani ya magimbi, nyama ya chumvi, manjano na tui. Inaachwa motoni hadi tui likauke, yabaki mafuta chini ya sufuria.

Pakacha:
Dada, umenimaliza. Mvua je?

Kiguu na Njia:
Mwezi wa pili ni kiangazi. Lakini ukipanda Grand Etang, ziwa lililo kwenye kreta ya volkano, beba koti. Mimi nilirudi nachuruzika, na huku chini ufukweni watu wanaota jua.