Hilux LN105 iliyowekwa injini ya 3L: klachi ya 224 au ya 236?

mzigo_wa_tunduma

Wakuu, habari za jioni. Gari ni Hilux LN105, kebini moja, giaboksi ya spidi 5. Ilitoka kiwandani na 2L, mmiliki wa kwanza akaweka 3L ya mtumba (2L na 3L ni majina ya injini za dizeli za Toyota, si lita). Klachi inateleza: gari ikiwa na mzigo mlimani, gia ya nne, injini inapiga kelele lakini mwendo hauongezeki. Giaboksi imeshushwa. Sahani iliyotoka ina kipenyo cha mm 224. Dukani nimetaja "Hilux 3L" nikapewa seti ya mm 236, muuzaji anasema ndiyo ya 3L. Duka la pili wana ya 224, lakini wananiambia ni ya 2L na itaungua mapema. Nichukue ipi? Na rilizi beringi (ile inayosukuma presha ili klachi iachie) haipigi kelele, kuna haja ya kuibadilisha?

Fundi Belhauzi

Mkuu, jina la injini haliwezi kukujibu hilo swali. Klachi hununuliwa kwa vitu viwili: presha pleti (kava lenye springi linalobana sahani) inafuata flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), na meno ya katikati ya sahani yanafuata shafti ya giaboksi. Injini ikishabadilishwa, kibati cha chini ya boneti kinakueleza gari ilivyozaliwa tu. 2L na 3L ni ndugu, hivyo mafundi wengi wakifunga injini ya mtumba huhamishia flaiwili ya zamani kwa sababu klachi yake bado nzima. Inaelekea ndicho kilichofanyika kwako, maana umetoa 224.

Kwa hiyo pima flaiwili. Ifute kwa petroli au thina, kisha ipandishie presha pleti mpya BILA sahani. Pini za kuongozea ziingie zenyewe bila nyundo, na boliti zote zianze kwa vidole. Kama hata boliti moja inahitaji kuvutwa na spana ili ishike, hiyo si presha yako. Usikubali kutoboa matundu mapya: presha ikikaa hata kidogo nje ya katikati, gari nzima itatetemeka kwenye mzunguko mkubwa.

Halafu chukua sahani uiingize kwenye shafti ya giaboksi. Hesabu meno. Kwa giaboksi hizi za Hilux utakuta 21 na kipenyo cha mm 29 na kitu, na ndiyo maana 224 na 236 zote huingia vizuri kwenye shafti moja na kumdanganya mtu kwamba zote zinafaa. Sahani iende na kurudi kwa mkono bila kukwama, lakini ukiizungusha isiwe na mchezo.

Sahani ya 236 ndani ya presha ya 224 inazidi mm 6 kila upande, ukingo wake unagota kwenye kava. Ukikaza boliti kwa nguvu itakaa, ila klachi haitaachia na gia zitakwaruza. Kinyume chake, 224 ndani ya presha ya 236, gari itatembea, lakini eneo la kushika ni dogo kuliko presha ilivyokusudiwa. Usichanganye.

Bi Spea Gerezani

Naongezea upande wa kununua. Nenda dukani na sahani ya zamani, presha ya zamani na venia (kipimo cha kipenyo). Ukitaja "Hilux" peke yake utapewa iliyo karibu na mkono wa muuzaji.

Namba za Toyota: 31250 mwanzoni ni sahani, 31210 ni presha, 31230 ni rilizi beringi. Tarakimu zinazofuata kistari ndizo zinazotofautisha ukubwa, kwa hiyo zisome zote. Aisin wanaandika DT kwa sahani na CT kwa presha za Toyota, Exedy wanaandika TYD na TYC. Namba ya boksi ifanane na iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Boksi zuri lenye chuma kisicho na namba yoyote, rudisha.

Kwa bandia, angalia riveti na springi za katikati. Vidole vya presha navyo viwe kimo kimoja. Weka rula juu yake utaona.

Dizeli Kavu

Mimi ningetafuta flaiwili ya 236 kabisa. Gari inabeba mzigo, 3L ina nguvu zaidi ya 2L, eneo kubwa linashika zaidi. Flaiwili ya mtumba ya 3L haikosekani.

Fundi Belhauzi

@Dizeli Kavu wazo si baya, ila ni flaiwili, presha na sahani kwa pamoja, na gharama ya kukereza (kusawazisha uso wake kwa mashine) juu yake. Flaiwili ya mtumba lazima uikague meno ya stata na nyufa za joto. Ile iliyojaa madoa ya bluu huwa imeungua na ina sehemu ngumu, klachi mpya itatetemeka wakati wa kuondoka. Kama 224 ya mwanzo ilidumu kwa kazi ileile, sioni sababu. Na tusimshauri presha ya "hevi duti" ya mashindano: pedali inakuwa nzito, uma (unaosukuma rilizi beringi) na masta silinda (pampu ya mafuta ya klachi) vinaumia, na kwenye foleni mguu ndio unaolipa.

mzigo_wa_tunduma

Asanteni. Presha ya 224 imekaa kwenye pini bila shida, ya 236 boliti hazikutani na matundu kabisa. Sahani ya zamani ina mafuta upande wa flaiwili, riveti bado hazijagusa flaiwili, yaani haijalika sana.

Fundi Belhauzi

Basi klachi haikuisha, imelowa. Usifunge mpya kabla hujajua mafuta yanatoka wapi. Upande wa flaiwili, mtuhumiwa wa kwanza ni sili ya nyuma ya krenkishafti. Upande wa giaboksi ingekuwa sili ya shafti ya mbele. Nusa, oili ya gia ina harufu kali ya salfa. Badilisha zote mbili maadamu giaboksi iko chini. Sahani iliyokunywa oili haioshwi na petroli ikapona.

Rilizi beringi ibadilishe, pamoja na paileti beringi iliyo katikati ya krenki. Bei yake ni ndogo, kazi ya kushusha giaboksi tena si ndogo. Na jinsi ya kuzitofautisha siku nyingine: kelele ukikanyaga pedali ni rilizi, kelele inayokatika ukikanyaga, gia ikiwa huru, ni beringi ya shafti ya giaboksi.

Flaiwili ikerezwe kidogo tu mpaka iwe bapa, mkengeuko usizidi mm 0.1. Sahani: upande wenye kitovu kirefu na springi uelekee giaboksi. Grisi ya molibdeni kwenye meno, safu nyembamba sana; ikizidi inarushwa kwenye sahani na unarudi ulikotoka. Lenga sahani kwa shafti bandia (kifaa cha kuiweka katikati), kaza boliti za presha kwa zamu, kimsalaba, mzunguko kidogo kidogo, mwisho Nm 19. Ukikaza upande mmoja kwanza unapinda kava.

Wakati wa kupandisha, giaboksi ibebwe na jeki muda wote. Ikining'inia kwenye sahani hata dakika moja, kitovu kinapinda na klachi mpya haitaachia.

Dizeli Kavu

Na mchezo wa pedali usisahaulike, mm 5 hadi 15. Pushrodi (fimbo ya pedali) ikibana masta silinda, mafuta hayarudi kwenye kopo, rilizi inaendelea kusukuma presha, na sahani mpya inateleza kama ya zamani. Toa hewa kwa mafuta mapya ya breki DOT 3, kisha rekebisha pushrodi kabla hujapakia gunia hata moja.